Kapu Lirudi Sokoni

Tangu Juni 1, 2019, mfuko wa rambo ni marufuku Tanzania Bara, na anayekutwa nao anaweza kutozwa faini kuanzia Sh30,000. Sheria iliacha vifungashio vya bidhaa, na hapo ndipo rambo lilipopata upenyo. Mwaka 2021 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lilikataza kuvitumia kama vibebeo. Hata hivyo nyanya na dagaa bado hubebwa humo, mchana kweupe.

Kwa mji wa Mpanda, mkoani Katavi, hili si suala la usafi wa mitaa tu. Mto Katuma hulisha Ziwa Chada ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na kiangazi viboko hubanana kwenye madimbwi yaliyosalia. Plastiki inayosombwa na mvua hadi mtoni huishia kwao.

Mgambo hawezi kusimama kwenye kila genge, kwa hiyo mnunuzi na muuzaji waanze wenyewe. Kapu la ukindu linaweza kukaa tayari mlangoni, na mteja wa mama ntilie anaweza kwenda na bakuli lake. Muuza asali naye apunguze bei kwa anayerudisha chupa. Wafugaji nyuki wa Katavi, ambao asali yao ina jina, wangeweza kulianza hilo msimu huu.