Moshi wa Mjini na Miombo ya Chinongwe

Haifai sisi wakazi wa Chinongwe, pamoja na ndugu zetu wa Ruangwa mjini na Nachingwea, kudhani ya kuwa mashauri ya hewa ukaa yanawahusu watu wa Dar es Salaam peke yao. Kwa maana moshi wa majiko ya mjini aghalabu asili yake ni tanuri lililofukiwa udongo katika miombo mfano wa hii yetu, ambapo mchomaji, asiyetoshwa na fedha ya ufuta wala korosho, hukesha akiziba nyufa ili magogo yasishike moto yakawa majivu.

Serikali ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukikusudia asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Nia hiyo ni njema. Lakini uvumbuzi, uwe bora namna gani, haupunguzi moshi mpaka umfikie mama anunuaye mkaa wa kopo kila asubuhi, kwani riziki yake huja kwa siku, na mtungi wa gesi humtaka fedha nzima kwa mkupuo. Ndiyo maana nawasifu watu wa kampuni ya KopaGas ya Dar es Salaam, waliotia mita kwenye mtungi, mtu akalipia kwa simu kiasi cha mapishi ya siku ile. Sera ya uvumbuzi yenye insafu huanza hapo, kwa kupunguza ushuru wa vyombo vya jinsi hiyo na kuwakopesha mitaji waviundao, ndipo yafuate makongamano.

Nachingwea imekwisha kuyaona matokeo ya uvumbuzi usioanzia kwenye hali ya mahali: mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza waliteremsha matrekta ya mradi wa karanga kabla ya kuujua vema udongo na mvua zake, na ilipofika 1951 mradi ulikuwa umekwisha kuachwa.

Leo madini ya kinywe ya Ruangwa nayo hutafutwa kwa ajili ya betri za magari ya umeme, ili miji ya mbali ipate hewa safi. Na iipate! Ila tangu mwaka 2017 sheria ya madini humlazimu mchimbaji kupatana na halmashauri, kila mwaka, juu ya mpango wa mambo atakayowatendea wenyeji. Basi enyi madiwani, mpango huo ukiletwa mezani, msiupitishe kabla ya kuuliza ni shule ngapi za wilaya yetu zitakazopata majiko ya gesi, na nani atakayelipia mtungi wa pili.