Ngũgĩ Mnyongeni, na Nyambura Apewe Haki Yake

Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki nchini Marekani tarehe 28 Mei 2025, akiwa na miaka 87, sifa zilimiminika kutoka kila pembe. Lakini wengi walilikwepa jambo moja. Machi 2024, mwanawe Mukoma wa Ngugi, ambaye pia ni mwandishi, alisema hadharani kwenye mtandao wa X kwamba baba yake alikuwa akimpiga mama yake, marehemu Nyambura.

Wapo waliomkemea Mukoma kwa kuanika siri za nyumba. Wengine walitaka vitabu vya mzee viwekwe kando. Mimi ninayeandika kutoka Lokichoggio sikubaliani na kundi lolote kati ya hayo mawili.

Huku kwetu Turkana kitabu ni mali. Nakala moja hupita mikono mingi hadi jalada linang'oka. Kumwambia msichana asiisome Shetani Msalabani ni kumwadhibu yeye kwa kosa la mtu mwingine. Ngũgĩ aliiandika kwa Kikuyu kwenye karatasi za chooni akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978. Ndani yake yumo Waringa, msichana aliyechezewa na tajiri kisha akatupwa, ambaye baadaye anasomea ufundi wa mitambo na kukataa kudharauliwa. Anayempenda Waringa hawezi kumpuuza Nyambura. Kitabu chenyewe kinampa msomaji kipimo cha kumpimia aliyekiandika.

Mimi si mahakama, na mzee hayupo tena ajitetee. Hata hivyo, neno la mtoto aliyelelewa katika nyumba hiyo si uvumi wa barazani.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya Ngũgĩ ni kusomwa, na kukumbukwa kwamba alifungwa kwa kuwaandikia wanyonge kwa lugha yao. Haki ya Nyambura ni kutajwa. Kufurahia riwaya hakumlazimishi mtu kumtetea mwandishi wake kwa kila alilotenda.

Kwa hivyo, mwalimu, fundisha kitabu. Ukifika kwenye maisha ya mwandishi, eleza kuhusu Kamiti, kisha eleza pia alilosema Mukoma. Darasani huenda yumo mtoto ambaye usiku humsikia mama yake akilia. Akiona tunanyamaza kwa sababu mpigaji ni mtu mkubwa, atajifunza kunyamaza pia.