GAZETI LA CHUO SI KIPEPERUSHI CHA CHAMA: NENO KWA MAKAMANDA MLIOKO VYUONI



Wiki hii nimepitia magrupu matatu ya WhatsApp ya vijana wetu walioko vyuoni. Kote mjadala ni mmoja: "tuanzishe chombo chetu cha habari chuoni." Safi sana, naunga mkono. Lakini nilipotumiwa rasimu ya toleo la kwanza nikashika kichwa. Ukurasa wa kwanza picha ya kiongozi wetu. Wa pili hotuba yake. Wa tatu matusi kwa chama tawala. Wa nne fomu ya kujiunga. Hakuna hata mstari mmoja kuhusu hosteli, boom lililochelewa, maji, ada au matokeo yaliyokwama. Sasa hilo ni gazeti au kipeperushi?

Leo nitasema ukweli, na najua kuna watakaonuna. Nuna, ila soma hadi mwisho.

TULIKOTOKA

Wengi wenu mnadhani uandishi wa wanafunzi ni jambo la juzi, limekuja na simu janja. Sio kweli. Novemba 1969 wanafunzi wa Mlimani, Dar es Salaam, walianza kutoa jarida lao, Cheche. Nyuma yake kulikuwa na umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi, USARF, na tawi la vijana wa TANU la pale chuoni. Wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Hamdani, ambaye baadaye nchi ilimjua kama Zakia Meghji, Waziri wa Fedha. Hawakuwa na kompyuta. Walichapa kwa stensili, wakazungusha mashine kwa mikono yao.

Mwaka 1970 Cheche ikatoa toleo maalumu lenye andiko refu la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kimyakimya ya kitabaka nchini. Shivji hakumtukana mtu. Alichukua mashirika yaliyotaifishwa, akaangalia mikataba yake na makampuni ya nje, akauliza: je, uchumi huu kweli umeingia mikononi mwa mkulima na mfanyakazi? Novemba 1970 USARF na Cheche vikapigwa marufuku. Sababu waliyopewa eti jina "Cheche" limekopwa kwa Warusi, na Tanzania inajenga ujamaa wake yenyewe.

Sasa jiulize. Hawa hawakuwa wapinzani. Walikuwa wanaliunga mkono Azimio la Arusha kuliko hata baadhi ya mawaziri. Kwa nini wafungiwe? Kwa sababu waliweka hoja na takwimu mezani, na hoja yenye takwimu inadai majibu. Kaulimbiu haidai majibu. Ukipiga kelele, wanakuitia askari, mchezo umeisha.

Turudi nyuma zaidi. Mwaka 1958 mtu mmoja alishtakiwa na serikali ya mkoloni kwa makala iliyotoka kwenye kijarida cha kudurufu kiitwacho Sauti ya TANU. Makala iliwasema Madisii wawili. Mahakama ikamtia hatiani, ikampa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Akalipa faini. Jina lake Julius Kambarage Nyerere. Kwa hiyo anayekwambia kijarida cha karatasi chache ni utoto, mkumbushe kwamba baba wa taifa hili alipandishwa kizimbani kwa ajili ya kijarida kama hicho.

"SIASA HAIRUHUSIWI CHUONI"

Wimbo huu tumeuzoea. Kamanda akivaa fulana ya chama chuoni, anaitwa ofisini. Lakini vijana wa chama tawala wana seneti zao za vyuo na vyuo vikuu, wanafanya mahafali yao, wanaalika mawaziri, na hapo haiitwi siasa. Huo ni uonevu na tuendelee kuupigia kelele.

Ila dawa ya uonevu huo sio kuligeuza gazeti la wanafunzi kuwa tawi letu la siri. Ukifanya hivyo unawapa kisu cha kukuchinjia. Watasema "mnaona, ni CHADEMA hao," na gazeti linakufa bila mtu kulilia. Kwa nini alilie yule mwanafunzi asiye na chama? Halikuwa lake.

Gazeti la chuo lazima liwe la mwanafunzi anayelala kwa kubebana chumbani, awe na kadi yetu, ya kwao, au asiwe na kadi kabisa. Na rais wa serikali ya wanafunzi akiwa ni kamanda wetu tuliyempigia kampeni, akila hela, aandikwe ukurasa wa kwanza kama angeandikwa mwingine yeyote. Hapo ndipo nitajua nyie ni waandishi.

NILIVYOHARIBU MWENYEWE

Nasema haya kwa sababu nimeyafanya. Chuo sitakitaja. Nikiwa mwaka wa pili tulikuwa vijana sita, tukaanzisha kijarida: karatasi moja ya A4 iliyokunjwa katikati, kurasa nne. Kila mmoja alitoa 2,000, tukapata nakala 60 kwa mama wa fotokopi.

Toleo la kwanza tuliandika kuhusu maji hosteli. Hatukulalamika. Tulining'iniza daftari karibu na bomba kwa siku 30, kila siku mmoja wetu anaandika kama maji yametoka na kwa saa ngapi. Yalitoka siku 11. Tukaenda kwa mhusika, tukamuuliza, tukaandika na majibu yake. Wiki mbili baadaye ratiba ya maji ikabandikwa, na ikafuatwa. Hata kijana wa seneti alikuja chumbani kwangu usiku kuomba nakala. Nilijiona mkubwa.

Toleo la tatu likatumaliza. Kamanda mwenzetu aliyeshindwa uchaguzi wa chuo alituambia milioni 4 za michezo zimeliwa, na mweka hazina anajua. Tulikuwa na mtu mmoja tu anayesema hivyo, na mtu huyo alikuwa na kinyongo. Hatukumuuliza mweka hazina. Tulijiambia tukimuuliza ataficha ushahidi. Tukachapa.

Risiti zilikuwepo. Kile kiasi kilikuwa cha mihula miwili, na vifaa vilikuwa stoo. Yule dada aliitwa mwizi kantini wiki nzima, na jaribio moja hakufanya kwa kuogopa kuingia darasani. Sisi tukanyamaza. Hatukuchapa masahihisho hata mstari mmoja, kwa sababu eti "tutawapa adui faida." Muhula uliofuata hela za field zilipochelewa kweli kweli, tukaandika, na hakuna aliyetuamini. Chuo hakikuhitaji kutufungia. Tulijizika wenyewe. Na yule dada mpaka leo sijamwomba radhi mbele za watu kama nilivyomchafua mbele za watu. Dada, kama unasoma hapa, nilikosa. Samahani.

MISINGI, BILA MAPAMBO

1. Kila habari ijibu: nani, nini, lini, wapi, kwa nini na kwa namna gani. Ikikosa kimojawapo, rudi ukatafute.

2. Mtu mmoja akikwambia, hiyo ni tetesi. Tafuta wa pili asiyefahamiana na wa kwanza, au tafuta karatasi. "Screenshot" sio ushahidi mpaka ujue imetoka kwa nani.

3. Unayemtuhumu aulizwe kabla hujachapa, na apewe muda wa kujibu. Akikataa kusema, andika kwamba alikataa. Kuuliza sio woga. Ndiyo kinga yako.

4. Tenganisha habari na maoni. Ukitaka kushambulia, kuna safu ya maoni na weka jina lako.

5. Aliyekupa siri mlinde. Usiandike jina lake hata kwenye grupu la wahariri. Magrupu yanavuja.

6. Ukikosea, sahihisha toleo linalofuata, pale pale ulipokosea, kwa herufi zinazosomeka.

SHERIA MZIJUE

Msidanganyike kwamba wanafunzi hawaguswi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inasema taarifa za uongo mtandaoni ni faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni: ada ya maombi 100,000, leseni 1,000,000, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Mwanafunzi anayesubiri boom angezitoa wapi wakati ule? Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 nayo, Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema Machi 2019 kwamba baadhi ya vifungu vyake vinakiuka Mkataba wa Jumuiya.

Na tusisahau damu. Ukitoka huku Songwe kwenda Iringa unapita Nyololo, Mufindi. Pale, tarehe 2 Septemba 2012, Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa mikononi mwa polisi akiwa kazini, akifuatilia shughuli ya chama chetu. Hakuwa kada. Alikuwa mwandishi. Tukiugeuza uandishi kuwa ukada, tunamkosea hata yeye.

Lakini sheria nyingine ni silaha yenu na hamuitumii. Ibara ya 18 ya Katiba inakupa uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku zisizozidi 30 akujibu. Andika barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri, hesabu siku. Siku ya 31 bila jibu, tayari una habari.

KWA NINI NAPIGA KELELE NIKIWA CHITETE

Mtaniuliza, we umeshamaliza chuo, uko kijijini unalima ufuta, gazeti la chuo linakuhusu nini? Linanihusu sana. Makao makuu ya Halmashauri ya Momba yapo hapa hapa Chitete. Baraza la madiwani ni kikao cha wazi, mwananchi yeyote anaweza kukaa akasikiliza. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri ni ya mikopo, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Nani anakaa kwenye kikao na daftari? Nani anaisoma ripoti ya CAG akaelewa hoja iliyojibiwa na isiyojibiwa? Waandishi wa habari wengi wako mjini, Tunduma na Vwawa, kwenye malori na mpaka. Huku hawaji kila siku.

Kijana aliyejifunza chuoni kuhesabu siku za maji kwenye daftari, ndiye akirudi kwao Kamsamba au Ndalambo atahesabu siku ambazo zahanati haina dawa. Aliyejifunza kubandika picha za viongozi na kutukana, atarudi na kutukana, na zahanati itabaki bila dawa.

Kwa hiyo makamanda, ile rasimu ichaneni. Kaeni watu sita, kunjeni A4 moja, chagueni tatizo moja la chuo chenu, mlihesabu kwa siku 30. Chama kitasubiri. Kikija kushika madaraka, gazeti hilo hilo likiandike na chenyewe bila huruma.

Nawasilisha.

Mwandishi ni mwanachama wa kawaida, Chitete, Momba.