"Nimejifunza Mwenyewe": Waoka Keki wa Nyumbani, Mama Mmemuacha Wapi?

Fungua Instagram dakika tano tu, lazima ukutane na keki. Keki ya kipaimara, keki ya sendofu, keki ya mtoto kutimiza mwaka. Na hii siyo habari ya Dar peke yake. Kongwa nako, kuanzia pale mjini hadi Kibaigwa kwenye soko la mahindi, wapo wadada (na makaka wachache) wanaooka jikoni kwao na kupokea oda kwa WhatsApp. Ukisoma maelezo kwenye kurasa zao, wengi wameandika kitu kilekile: "Nimejifunza mwenyewe."

Ni sentensi tamu. Inaonyesha mtu kapambana, hana cheti, hakusomeshwa na mtu, na bado keki yake inagombaniwa. Tatizo ni moja tu: nusu yake siyo kweli.

Ni kweli hakukaa darasani. Kupaka krimu ikalala vizuri, kutengeneza maua ya sukari, kujenga keki ya ghorofa tatu, hayo kayatoa YouTube na TikTok, na bando kanunua kwa hela yake. Hapo apewe maua yake. Lakini kabla ya simu, nani alikuwa anatumwa kupepea mkaa wakati mama anapika maandazi ya asubuhi? Nani alikuwa anapewa sufuria alambe ukoko wa mchanganyiko? Nani alikuwa anaambiwa "usifunue hiyo kitu, itadondoka"? Hilo lilikuwa darasa, ila halikuwa na ubao.

Angalia jinsi keki inavyookwa kwenye nyumba isiyo na oveni. Sufuria kubwa inawekwa mchanga chini, chombo cha keki kinakaa juu ya mchanga, mfuniko unafungwa, halafu makaa yanapangwa juu ya mfuniko. Moto chini, moto juu. Na siri ya wamama ni kwamba moto wa chini uwe mdogo, wa juu uwe mwingi, la sivyo chini inaungua na katikati bado uji. Mama wa Pwani aliyehamia Kongwa kikazi au kwa ndoa alikuja na ujuzi huohuo kwenye mkate wa kumimina: mchele uliolowekwa, tui la nazi, hamira, iliki, makaa juu ya mfuniko. Mama wa Kigogo ana wake pia. Anajua karanga zimeiva kwa harufu tu, sekunde chache kabla hazijaanza kuwa chungu. Huyo ukimpa kazi ya kuoka, pua yake ni saa tosha.

Ndiyo maana mapishi ya mtandaoni yakifika Kongwa yanagoma. Video inasema acha donge liumuke saa moja. Saa moja ya wapi? Mwezi wa saba Kongwa kuna baridi na upepo, hamira inalala usingizi, na hewa kavu ya Dodoma inakausha donge juu likafanya ganda. Mama hajawahi kusoma video hiyo. Anafunika bakuli kwa kitambaa kibichi, analisogeza karibu na jiko, na haangalii saa. Anabonyeza kwa kidole. Huo ni utaalamu wa mahali, na mahali penyewe ni Kongwa.

Kongwa hii hii ina historia chungu ya watu waliokuja na mashine wakaacha kusikiliza mahali. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula na majarini. Mwaka 1946 ikatuma ujumbe wa watu watatu, wakazunguka kwa wiki chache, wakasema karanga zitalipa. Mwaka 1947 pori la Kongwa likaanza kufyekwa kwa matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Udongo ukikauka ulikuwa mgumu kama saruji, mvua ikaja inavyotaka yenyewe. Mwaka 1951 mradi ukafungwa na hasara ya zaidi ya pauni milioni 36. Yaani Kongwa iligeuzwa juu chini kwa ajili ya majarini, kitu kilekile kinachopigwa na sukari leo kwenye bakuli la keki. Mdada anayekimbilia mkopo wa oveni kubwa kabla hajajua moto wa nyumbani kwao aifikirie hiyo stori mara mbili.

Sasa, urithi wa jikoni una upande wa pili ambao hauposтiwi. Mama alimpa binti mkono, lakini alimpa na tabia: kugawa. Maandazi ya sikukuu yalipelekwa kwa majirani kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa, na sahani haikurudi tupu. Hakuna aliyehesabu sukari. Ilikuwa heshima, ilikuwa ujirani, na ilikuwa nzuri sana.

Ikigeuka biashara, tabia hiyohiyo inaua. Shangazi anataka keki ya kilo mbili "kwa bei ya undugu". Jirani anasema "si unaoka tu hapo nyumbani, gharama gani?" Rafiki anaahidi kulipa mwisho wa mwezi, mwezi haujawahi kuisha. Na mwoka keki anaona aibu kudai, kwa sababu kwao chakula hakidaiwi. Anapiga hesabu ya unga, mayai, sukari na majarini. Mkaa hauhesabu. Boksi hahesabu. Bodaboda hahesabu. Usiku mzima wa kukesha ndiyo kabisa, haupo kwenye daftari. Baada ya miezi sita ana wafuasi wengi na mtaji umekatika.

Na yupo mtu mwingine asiyehesabiwa humo: mama mwenyewe. Kwenye nyumba nyingi za waoka keki, nani anapepeta unga? Nani anakaa na moto wakati binti amekwenda kupeleka oda? Nani analea mjukuu siku ya oda tano? Jina lake halipo kwenye ukurasa, na mgao wake haupo kwenye hesabu. Halafu chini kabisa imeandikwa "nimejifunza mwenyewe". Inauma kidogo.

Wapo watakaosema mambo ya mama na mtoto hayaingizwi kwenye hesabu, kwamba mama anafurahi kusaidia. Sawa, anafurahi. Lakini furaha hainunui dawa ya presha. Anayemlipa bodaboda kila safari bila kuona aibu asione aibu kumtengea mama fungu kila oda inapolipwa.

Jambo la haraka zaidi ni lile lisilorudi likishapotea. Vipimo vya mama viko kwenye kiganja chake. "Weka unga mpaka ukubali." "Chumvi kidogo, siyo sana." Siku kiganja hicho kikiondoka, hakuna YouTube itakayokirudisha. Mizani ndogo ya jikoni siyo ghali. Jumamosi moja inatosha: mama anachota, binti anapima kabla hakijaingia kwenye bakuli, anaandika gramu kwenye daftari. Arudie tena mwezi wa saba kwenye baridi, aandike tofauti.

Hapo ndipo kuna biashara pia. Keki nyekundu yenye krimu nyeupe inauzwa Dar, Arusha, Mwanza, kila mtu anayo. Keki ya karanga zilizokaangwa na mtu anayezijua kwa harufu, au mkate wa kumimina uliookwa kwa makaa juu na chini, hiyo mteja wa Dodoma mjini ataiagiza kwa jina, na boksi lake likiwa na jina la mama juu ataliposti mwenyewe bila kuombwa.

Kwa hiyo mwoka keki wa nyumbani achukue mkono wa mama, aache bei ya mama. Shangazi alipe kama wateja wengine. Akitaka zawadi, atapewa Krismasi au Idi, kwenye sahani yenye kitambaa, kama zamani. Na ile sentensi ya kwenye ukurasa irekebishwe kidogo tu: "Nimefundishwa nyumbani." Haipunguzi sifa hata moja, na kuna mtu pale jikoni ataisoma akatabasamu.