Kabla mtoto hajaugua, kagua bima yako

Ugonjwa haupigi hodi. Huja usiku wa manane, tarehe ya kumi na tisa, wakati mshahara wa mwezi uliopita umekwisha na wa mwezi huu haujaonekana. Ndiyo maana wazee walituonya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo ningependa tuzungumze juu ya ufa ulio katika nyumba nyingi za wafanyikazi wa serikali za kaunti: makarani, wauguzi, askari wa kaunti, walimu wa chekechea na wale wanaofagia barabara zetu alfajiri kabla hatujaamka.

Malalamiko yao yanafanana. Wanasema bima ya afya imepanda na mshahara umebaki pale pale. Je, ni kweli? Jibu linategemea mtu analipwa kiasi gani.

Tuanzie mbali kidogo. Bima ya zamani, NHIF, iliundwa mwaka 1966. Kwa miaka mingi mchango wa juu kabisa ulikuwa Sh320 kwa mwezi. Aprili 2015 viwango vilibadilishwa, na aliyelipwa Sh100,000 au zaidi akawa anakatwa Sh1,700, basi. Hata kama mshahara wake ulikuwa nusu milioni, hakukatwa zaidi ya hapo.

Oktoba 1, 2024 mambo yaligeuka. NHIF iliondoka, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikashika usukani. Sasa kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, kabla makato mengine hayajaguswa. Mchango wa chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi. Kikomo cha juu hakuna.

Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Mfagizi anayelipwa Sh20,000 alikuwa akikatwa Sh750. Sasa hukatwa Sh550, kwa hivyo amepata nafuu ya Sh200. Anayelipwa Sh30,000 alikuwa akitoa Sh900, na sasa hutoa Sh825. Yeye pia amepumua kidogo. Lakini karani wa Sh50,000 ametoka Sh1,200 hadi Sh1,375. Afisa wa Sh100,000 ametoka Sh1,700 hadi Sh2,750. Mkubwa wake wa Sh200,000, ambaye pia alikuwa akitoa Sh1,700, sasa hutoa Sh5,500. Na kwa kuwa hakuna kikomo, kila ukiongezwa mshahara na bima nayo hupanda ngazi pamoja nawe.

Kwa hivyo, msomaji wangu, si kila mtu anayelia ameumizwa sawa. Aidha, tangu Desemba 27, 2024 mchango huu huondolewa kwanza katika mshahara ndipo kodi ya mapato ihesabiwe, jambo linalopunguza makali kidogo. Wala si haki kusahau kwamba mwenye nacho kumchangia asiye nacho ndiyo maana yenyewe ya bima. Leo unamchangia mfagizi. Kesho figo zako zikikataa kazi, maelfu usiowajua watakuchangia wewe.

Kama ni hivyo, ufa uko wapi basi? Tazama tena kile kijikaratasi cha mshahara. Katika ada ya nyumba, wewe hutoa asilimia 1.5 na mwajiri naye huongeza asilimia 1.5. Katika akiba ya uzeeni, NSSF, mwajiri huongeza sawa na ulichotoa. Lakini katika bima ya afya mwajiri haongezi hata ndururu. Mzigo wote uko begani mwako.

Kaunti inapomsaidia mfanyikazi wake kwa matibabu, aghalabu hufanya hivyo kwa njia ya pili: hununua bima ya ziada kwa kandarasi, mara nyingi ya mwaka mmoja. Bima hiyo ndiyo inayomwezesha karani kumpeleka mkewe katika hospitali ya kibinafsi, kununua miwani au kung'oa jino bila kutoa pesa mfukoni. Ni jambo la kushukuru. Tatizo ni kwamba kandarasi ina tarehe ya mwisho. Ikiisha kabla ya nyingine kutiwa sahihi, au kaunti ikichelewa kulipa kwa sababu pesa kutoka hazina kuu zimechelewa, kadi hufa kimya kimya. Hakuna anayekupigia simu kukuarifu. Utajulia dirishani, mtoto akiwa mgongoni, unapoambiwa, "Mama, kadi hii haifanyi kazi."

Hiyo ndiyo gharama isiyoandikwa katika kijikaratasi cha mshahara. Umekatwa Sh1,375, kisha unachanga taslimu kwa jirani na katika chama. Atakayekuambia kuwa bima imepanda kwa Sh175 peke yake hajawahi kusimama katika dirisha hilo.

Na kuna walio katika hali ngumu zaidi: vibarua na wa kandarasi fupi ambao majina yao hayamo katika orodha ya mishahara. Hao hawakatwi na mtu. Hujisajili wenyewe, hupimwa uwezo, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima. Hata kwa kiwango cha chini kabisa, hizo ni Sh3,600. Kwa anayelipwa kwa siku, hiyo si pesa ya kuokota njiani.

Sasa tufanyeje? Kulalamika pekee hakujazi chungu. Nina mambo manne ya kukushauri.

Kwanza, jihakikishie kuwa uko hai katika vitabu vya SHA. Bonyeza *147# katika simu yako. Mwajiri anatakiwa kupeleka makato kufikia tarehe tisa ya mwezi unaofuata. Mshahara ukichelewa, na makato huchelewa, na wewe ndiwe utakayerudishwa kutoka mlangoni.

Pili, angalia ni nani walioandikwa chini ya jina lako. Wengi walidhani kuwa mke na watoto waliokuwa NHIF walihama wenyewe. La! Ilibidi kila mtu asajiliwe upya. Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, kama uko chuoni, huna kipato na hujatimiza miaka 25, waulize wazazi wako leo leo kama jina lako limo. Baba na mama walioko mashambani hawamo katika kadi yako. Hao sharti wasajiliwe kivyao.

Tatu, jua unachostahili. Zahanati na vituo vya afya vya umma, yaani ngazi ya pili na ya tatu, ndipo pa kuanzia, na huduma za msingi huko hugharimiwa na serikali. Katika viwango vya mwaka 2025, SHA ililipia Sh10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji. Hospitali ikidai zaidi ya hapo, nyongeza hiyo ni yako. Kwa hivyo uliza bei mapema, mimba ikiwa ya miezi sita, wala si uchungu ukiwa umeshika.

Nne, na hili wengi hulipuuza, fuatilia bajeti ya kaunti. Mwaka wa serikali huanza Julai 1. Makadirio ya matumizi hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na sheria inataka wananchi wasikilizwe. Hapo ndipo huamuliwa ni pesa ngapi zitanunua bima ya wafanyikazi. Ukingoja Agosti kadi ikatae ndipo ulie, utakuwa umechelewa kwa miezi mitatu. Mtume mwakilishi wa chama chenu mapema na maswali mawili tu: bima yetu itaisha tarehe gani, na pesa za kununua nyingine zimetengwa? Majibu yaandikwe, yabandikwe ofisini kila mtu ayaone.

Nanyi wake na waume, msiachiane jambo hili. Nyumba nyingi, mume ndiye anayejua nambari ya bima na mke ndiye anayempeleka mtoto hospitali. Jioni ya leo, baada ya chakula, andikeni katika daftari moja nambari za bima, tarehe ya mwisho ya kadi ya kaunti, na hospitali iliyo karibu inayoikubali. Kisha wekeni kando kitu kidogo kila mwezi, hata kama ni Sh200, kwa ajili ya usiku ambao kadi itakataa.

Makato yatakuja mwezi huu na mwezi ujao, tupende tusipende. Lililo mikononi mwetu ni kuhakikisha kwamba tulicholipia tunakipata.