Panda mboga zinazosaidiana

Mvua inapokaribia, wengi wetu huchukua kishamba kilicho nyuma ya nyumba na kukijaza sukuma wiki pekee. Mboga hustawi kwa majuma kadhaa. Kisha vidukari huingia chini ya majani, huhama kutoka shina moja hadi jingine bila kizuizi, na jamaa nzima hurudi sokoni kununua mboga ambayo ingechumwa mlangoni.

Juma hili tuone jinsi ya kuchanganya mboga ili hasara ya moja isiwe hasara ya zote.

Kabla hujashika jembe, shika kalamu na uchore shamba lako. Chagua mahali penye jua muda mwingi wa mchana, karibu na maji. Gawa matuta matatu yenye upana wa mita moja, na kati yake uache njia, ili uweze kupalilia bila kukanyaga udongo uliolimwa.

Tuta la kwanza lipe mistari miwili ya sukuma wiki, sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya miche. Katikati panda mstari wa vitunguu, sentimita 10 kutoka kimoja hadi kingine. Harufu yao husaidia kuwatatiza wadudu wanaoitafuta sukuma wiki, na majani yao membamba hayatii kivuli.

Tuta la pili ni la nyanya zilizofungwa kwenye vijiti. Pembeni panda dhania, nawe uache mashina machache yatoe maua. Maua hayo huvutia nzi ambao mabuu yao hula vidukari.

Tuta la tatu ni la maharagwe. Mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani. Ukishavuna, usiyang'oe; kata mashina na uache mizizi ioze. Msimu ujao panda hapo sukuma wiki, ifaidi mbolea hiyo.

Angalia pia wasiopatana. Nyanya, viazi na managu ni ukoo mmoja. Ugonjwa unaokausha majani ya viazi wakati wa mvua na baridi ndio huo huo unaoua nyanya. Usiviweke pamoja, wala usivifuatanishe katika tuta moja.

Kuchanganya mboga hakumalizi wadudu wote. Kila baada ya siku mbili pindua majani uyakague. Ukiona vidukari wachache, waponde kwa vidole au uwaoshe kwa maji yenye sabuni kidogo kabla hawajazaana.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mboga nazo ni hivyo: zikishirikiana, hata mwezi ambao nyanya zitaharibika, sufuria ya jioni haitakosa cha kupikwa.