Jumba la historia Unguja limetunyima Kiswahili

Mhariri,

Mwezi uliopita nilimpeleka mama yangu Unguja pamoja na wanangu wawili. Mama ni mzaliwa wa Tabora, aliishia darasa la saba, na tangu utotoni amesikia habari za misafara ya pembe na watumwa iliyopita kwetu Unyanyembe kuelekea pwani. Alitaka kupaona ilipofikia.

Siku ya kwanza tulizunguka wenyewe vichochoroni mwa Mji Mkongwe, tukafurahi mno. Majina tu yanazungumza: Sokomuhogo, Mkunazini, Kajificheni. Kule Kiponda, mzee aliyekuwa ameketi barazani alitukaribisha, akamwonyesha mama kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, akamweleza kwa nini vyumba vya nyumba zile ni vyembamba: dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio upana wa chumba. Mama anayasimulia hayo mpaka leo.

Kesho yake tulikata tiketi tukaingia katika jumba moja la historia. Maelezo yote ukutani yalikuwa ya Kiingereza. Niliomba mwongoza watalii wa kutueleza kwa Kiswahili, nikaambiwa hayupo, labda tungoje jioni. Basi tukaandamana nyuma ya kundi la wageni. Mwanangu wa darasa la sita akawa anamtafsiria bibi yake habari za watu waliofungwa minyororo, wengine wao wakiwa wametembezwa kwa miguu kutoka huku kwetu. Alikwama, akajaribu tena, mwishowe akanyamaza. Mama alitoka akakaa nje peke yake hadi tulipomaliza.

Mhariri, jambo hili limeniuma. Kiunguja, lahaja ya hapo, ndicho kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu tunachofundishwa nchi nzima. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara hiyo, ambaye nyumba yake ingali Shangani, humo humo Mji Mkongwe, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. UNESCO, iliyouingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ndiyo hiyo hiyo iliyoitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Iweje mwenye lugha hii afike hapo ahitaji mkalimani?

Sikatai Kiingereza. Wageni wanatoka mbali na wanastahili kuelezwa. Lakini kibao kimoja kinatosha lugha mbili, na vijana wanaowatembeza wageni Kiswahili ndicho wanachozungumza majumbani kwao. Kinachotakiwa ni kupanga saa mbili tatu za matembezi ya Kiswahili kwa siku na kuzibandika mlangoni.

Nawaomba wanaosimamia majumba hayo walifanye hili kabla ya likizo ya Desemba, shule zitakapofungwa na familia za bara zitakapopanda boti. Mama yupo tayari kurudi, na nauli yake nimeshaanza kuiweka.

Msomaji wako,
Tabora